Usikatae dawa ya maumivu ya mama

Mdogo wangu, umeuliza kama ukatae fentanili, ile dawa kali ya maumivu, kwenye upasuaji wa mama hapo Dodoma kisa umesoma inaua watu Marekani. Usikatae! Ile ya mtaani inapikwa kificho hakuna anayejua kipimo, ya thieta inapimwa kwa maikrogramu maana ina nguvu kama mara 100 ya mofini, dawa nyingine kali ya maumivu. Hatari yake kubwa ni kupunguza pumzi, ndo maana mamkubwa wangu wa Mpwapwa nilimkuta kabanwa kidude cha taa nyekundu kidoleni, nesi macho kwenye namba za oksijeni tu. Ikizidi kuna dawa iitwayo naloksoni ya kuizima. Ila mwambieni daktari wa usingizi kama mama anakoroma sana, ana pumu, anakunywa pombe au vidonge vya usingizi, msifiche chochote jamani.