Jibu: Mpwa Mtanzania kutozwa karo ya mgeni Nairobi

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mpwa wako Mtanzania, aliyepata nafasi chuoni hapa Nairobi, ametozwa karo ya wageni, na kwa nini kibali chake cha mwanafunzi kimekwama.

Anza na karo. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu, lakini tamko hilo halijifikishi lenyewe kwenye dawati la mhasibu wa chuo. Tazama jedwali la karo kama lina safu ya Afrika Mashariki, kisha mpwa wako amwandikie msajili barua ya kuomba awekwe humo, akiambatisha nakala ya pasipoti. Binamu yangu kutoka Arusha alifanya hivyo, na ankara ikabadilishwa kabla ya muhula kuanza.

Kuhusu kibali, kagua majina kwanza. Cheti cha kidato cha sita cha binamu yangu kilikuwa na majina mawili, pasipoti matatu, nasi tukapoteza wiki tano mpaka alipokula kiapo mbele ya wakili. Inaniuma sana kijana wa nchi jirani anapokosa masomo kwa ajili ya herufi, ilhali tunasema tunawataka wanafunzi wa nje. Linganisha pasipoti, cheti na barua ya chuo herufi kwa herufi, na kosa likiwa kwenye barua, chuo ndicho kiirekebishe kabla hamjatuma ombi upya.