Mradi wa maji ukija kijijini kwenu, ulizeni spea kwanza

Jamani, naandika hii kwa wale ambao kijiji chao kiko mbioni kupata mradi wa maji. Nimekaa kwenye kamati ya maji kama mhazini na kuna vitu ni bora mvijue mapema, kabla Mwenge haujaja kuzindua.

Siku ya uzinduzi kila mtu ana furaha, shida inaanza pampu ikiungua. Tanzania ilijiwekea lengo tangu 1971 kwamba ndani ya miaka 20 kila mtu wa kijijini apate maji karibu na kwake, 1991 ikafika lengo bado, na sera ya 2002 ikaandika maji yawe ndani ya mita 400, kituo kimoja watu 250. Visima vimechimbwa vingi mno miaka yote hiyo, ila vingine vimekufa kwa kifaa kidogo tu na hela ya fundi.

Kwa hiyo wakija RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) au mfadhili, simama kwenye mkutano mkuu wa kijiji uulize spea za hiyo pampu zinauzwa wapi. Kama zinapatikana wilayani au mkoani, sawa. Kama mpaka ziagizwe nje, ombeni pampu nyingine, maana ikifa katikati ya kiangazi mama zetu wanarudi korongoni na madumu.

Halafu bei ya ndoo. Atatokea mtu wa kuwaambia maji yawe bure, msikubali. Pigeni hesabu ya dizeli au umeme (sola inapunguza sana hapa), mlinzi, mchotishaji (anayeuza maji pale kituoni), na hela ya kukaa benki ikisubiri pampu kuharibika, hii ya mwisho ndo watu wanaisahau. Wazee wasiojiweza wapangiwe utaratibu wao mkutanoni, mchotishaji asiamue mwenyewe nani alipe nani asilipe.

Kitu kilichotusaidia sisi kuliko vyote ni mita. Kuna mita kubwa pale kwenye tenki na kila kituo kina yake, mwisho wa mwezi unajumlisha za vituo unalinganisha na ile kubwa. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo hela iliyotakiwa kuingia unaijua kabisa. Mita kubwa ikizidi sana, kuna bomba linavuja au kuna mtu kajiunganishia kimya kimya. Mita zikilingana ila hela pungufu, hapo mnakaa na mchotishaji.

Na hesabu hiyo ibandikwe ubao wa matangazo kila mwezi, mapato na matumizi, hata kama ni mbaya. Uganda waliwahi kufuatilia ruzuku za shule za msingi wakakuta kati ya 1991 na 1995 wastani wa asilimia 13 tu ndo ilikuwa inafika shuleni, serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi inachotuma na kutaka kibandikwe shuleni, na inayofika ikapanda sana. Kwetu pia waliokuwa wagumu kulipa walilegea walipoona kwa macho yao hela ya koki mpya imetoka wapi.

Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu, mtendaji akichelewesha mfuateni ofisini. Na kwenye saini za benki wekeni angalau mama mmoja anayechota maji mwenyewe, huyo hatasaini hela ya matengenezo itoke kwa ajili ya posho.