Mgonjwa aliyevuja damu kichwani, mwacheni alale

Mama aliporudi nyumbani Nkuhungu baada ya wiki zaidi ya tatu wodini, kazi kubwa ilikuwa getini. "Mbukwenyi!" asubuhi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" mchana, na jioni wanakuja wa jumuiya wote kwa pamoja. Kila mtu anataka amshike mkono, asimuliwe ilikuwaje. Ikifika saa mbili usiku mama amekumbatia kichwa kwa mikono miwili, hataki hata taa.

Mshipa wake wa damu kichwani ulivimba kama puto, ukapasuka, damu ikamwagika kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Madaktari waliuziba, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe ile damu iliyokwisha kumwagika, nyingi yake mwili huiondoa wenyewe, polepole, na muda wote huo inachokoza utando wa ubongo. Ndiyo maana kichwa na shingo huendelea kuuma.

Inaondokea wapi? Hili lilininyima usingizi mpaka nikalisoma. Kwa muda mrefu wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ubongo hauna mishipa ya limfu, yaani ile inayoondoa maji na taka mwilini, ingawa Mwitaliano Paolo Mascagni alikwisha kuieleza mwaka 1787. Mwaka 2015 watafiti wa Virginia, Marekani, na wengine wa Helsinki, Finland, waliionyesha wazi kwenye utando wa ubongo wa panya. Mwaka 2020 ikaonekana, kwa panya vilevile, kwamba chembe nyekundu za damu iliyomwagika hupita humo hadi kwenye tezi za ndani ya shingo. Mishipa hiyo ikiharibiwa, damu hubaki na ubongo huumia zaidi. Na kabla ya hapo, mwaka 2013, kundi la mtafiti wa ubongo Maiken Nedergaard lilionyesha kuwa panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo hupanuka kwa kiasi cha asilimia 60 na taka hutoka upesi.

Panya si mama yangu, najua. Lakini usingizi hauna gharama, na wodini aliukosa sana: siku 21 aliamshwa kila baada ya saa nne anywe nimodipini, dawa ya kuulinda ubongo mishipa ya damu ikijikaza. Ilikuwa lazima. Nyumbani haikuwa lazima tena. Nikakunja kanga mbili dirishani, maana jua la Dodoma halibishi hodi, nikapanda kuweka mawe juu ya bati lililokuwa likigongwa na upepo.

Shangazi alitoka Kongwa na chupa ya mafuta, amkande shingo "damu ishuke". Msikubali. Hakuna dawa wala mkando uliothibitishwa kuiharakisha limfu hiyo. Nikamwambia, "Shangazi, shingo tumwachie daktari, wewe nishikie geti." Alikaa chini ya mwarobaini siku nne, akipokea pole na mayai kwa niaba yetu.

Ila kuna usingizi wa hatari, na huu msiuchanganye na ule. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka, akitapika, akichanganya maneno, akianza kuyumba au mkojo kumponyoka, huenda maji yamejaa kichwani kwa kuwa damu imeziba njia zake. Hospitali saa hiyohiyo. Mimi nilikwisha kupatana na jirani mwenye bajaji, namba yake imebandikwa mlangoni.

Kila usiku nilimwamsha mara moja tu.

"Mama, leo umekula nini?"

"Ugali wa uwele na mlenda. Zima taa, mwanangu."