Kwa walimu wapya wa PP1: herufi kabla ya daftari

Ukiingia darasa la PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hapa Kisumu, utakuta watoto wanaoimba ABC tangu mwanzo hadi mwisho bila kusita. Usidanganyike. Andika p peke yake ubaoni uulize ni nini, na wengi watakukodolea macho, maana kwao l-m-n-o-p hutoka kwa mpigo mmoja kama jina la mtu. Wimbo wanaujua. Herufi bado.

Kitakachokusumbua zaidi ni lugha. Nyumbani ni Dholuo, mtaani Kiswahili, na akademi nyingi, yaani shule za binafsi, zinataka Kiingereza. Asubuhi umemwambia mtoto kwamba e inaitwa "i", na i inaitwa "ai". Baada ya uji anasoma embe, anasema "imbi". Huyo hajakosea, amekutii. Mimi naona muhula wa kwanza ni heri kuweka kando majina ya herufi na kufundisha sauti zake. Kiswahili kinakurahisishia kazi: irabu zake ni tano na hazigeuki, a ya mama ndiyo a ya samaki. Konsonanti usijikaze kuitamka tupu. Nenda moja kwa moja ba be bi bo bu, kama tulivyofundishwa sisi. Wanaoiita njia ya kizamani waache waseme.

Wala usifuate mpangilio wa a hadi z. Anza na a na m, halafu k, t, u, i. Kwa herufi hizo sita tu mtoto anasoma mama, kaka, kuku, tatu, mti, kamata. Akishaonja kusoma neno zima hutamsukuma tena. Q na x hazina haraka, Kiswahili hakiziandiki, na c haitembei bila h. Halafu tenganisha b na d kwa wiki kadhaa, la sivyo utazirekebisha hadi gredi ya pili.

Majina ya watoto ni chambo kizuri, lakini Kisumu kuna mtego wake. Upande huu Otieno, Odhiambo, Okoth, Onyango. Upande ule Achieng, Akinyi, Atieno. Mchezo wa kutafuta herufi ya kwanza ya jina lako unakwisha kabla haujaanza! Tumia herufi ya pili, au jina la ubatizo. Na zile chati za dukani zenye tufaha na nyumba za barafu, zibandike kama pambo ukipenda, ila o iwe ya omena, t ya tuktuk, m ya mandazi.

Dholuo haina z, v wala sh, kwa hiyo "sule" na "sawadi" utazisikia sana. Usimkatize mtoto anapochora umbo la herufi ili umrekebishe ulimi. Hizo ni kazi mbili. Tenga dakika chache za michezo ya sikio: sh ya kunyamazisha mtoto mchanga, z ya mbu, ambaye huku ziwani hahitaji kutambulishwa. Ng' na ny wanazo tayari kutoka nyumbani, kwa hiyo ng'ombe hatawashinda.

Sasa mkono. Vidole vya mtoto wa miaka minne havijakomaa, na penseli ndefu inamchosha bure. Waanze kwa udongo: wauviringishe uwe kamba, wakunje kamba iwe herufi. Wapange vizibo vya soda juu ya herufi uliyochora sakafuni kwa chaki. Waandike mchangani kwa kidole. Penseli ikifika iwe fupi, vipande vya krayoni ni bora zaidi, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi.

Panga herufi za kuandika kwa mwendo wa mkono. C, o, a, d, g zote huanzia juu na kuzungukia kushoto. I, l, t, u hushuka. N, m, h, r hushuka kisha hupanda na kupinda. Hapa ndipo walimu wengi wapya hupitwa, kwa sababu wanatazama daftari badala ya mkono. O iliyoanzia juu ikazungukia kulia inaonekana sawa kabisa kwenye karatasi, lakini mtoto huyo akifika kwenye a na d atahangaika. Simama nyuma yake utazame anavyoichora.

Mwenye mkono wa kushoto muache nao. Mketishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili viwiko visigongane, na karatasi yake iinamie kulia kidogo.

Mafunzo ya sauti yawe asubuhi. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati hakuna atakayekusikia, na hapo ndipo pa kutoa udongo.

Wazazi watakuja na daftari tupu mkononi kuuliza mtoto anafanya nini shuleni, hasa kama jirani ana wa akademi anayejaza kurasa. Usijitetee kwa maneno ya mtaala. Mwite mtoto, mpe pakiti ya unga, aonyeshe kila a na kila m anayoiona. Kisha mwambie mzazi arudie zoezi hilo jioni kwa pakiti ya majani chai, na kesho yake kwa sabuni.