Ukuta wa Meru kabla ya Serengeti

Swali la wiki hii liliuliza ni mahali gani penye wanyamapori Mtanzania apaone kabla ya Serengeti. Jibu langu ni kreta ya Mlima Meru, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wengi wetu tunaotoka Dar es Salaam kwa basi huishia kuupiga picha mlima huo tukiwa Arusha mjini, na kutoka huko unaonekana mzima.

Si mzima. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, mawe na matope yakatiririka kuelekea Kilimanjaro, na maziwa ya Momela, ambako heroe hutafuta chakula katika maji ya magadi, yamekaa katika mashimo ya kifusi hicho. Kilichobaki mlimani kinafanana na uwanja wa mpira ulioondolewa jukwaa la upande mmoja: sakafu iliyo wazi, kichuguu kikubwa cha majivu ya volkano katikati, na nyuma yake ukuta wa mwamba unaosimama takriban mita 1,500. Maghorofa marefu ya Posta yangelazimika kubebana kumi hivi ndipo yafike ukingoni.

Ninaipa kreta hii nafasi ya kwanza kwa sababu ya miguu. Serengeti mgeni humtazama mnyama kupitia dirisha la gari. Meru anatembea, akitanguliwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, ambayo si pambo, kwa kuwa nyati wa huko hawana desturi ya kupisha njia. Mgeni hukutana na twiga chini, karibu na lango la Momela. Msituni wamo mbega, wenye manyoya meupe yanayoning'inia mabegani kama kanga iliyotupiwa kwa haraka, ambao huruka kutoka tawi hadi tawi ingawa hawana kidole gumba.

Anayenivutia kuliko wote, hata hivyo, ni mbuzi mawe, swala mdogo asiyefika kilo 20, anayesimama kwenye ncha za kwato zake kana kwamba jiwe linamuunguza. Dume na jike huishi pamoja, na mmoja anapokula mwenzake hulinda. Niliwatazama wawili wakipanda mwamba ambao mimi nisingeuthubutu hata kwa kamba, na hapo nikaelewa kwamba kuporomoka kulikouharibu mlima ndiko kulikowapa wao makazi.

Rafiki yangu hupinga kwamba huko hakuna simba wa kujivunia. Anasema kweli, na anayetaka simba asubiri Serengeti. Kwa atakayekubali ushauri wangu, si lazima apande hadi kileleni, kilicho juu ya mita 4,500, kwani sakafu ya kreta hufikika kwa matembezi ya siku moja. Aanze alfajiri tu, maana kufikia saa tano mara nyingi wingu huwa limeshaufunika ukingo, na mchelewaji hurudi amewaona nyati bila kuuona ukuta.