Sahani za bibi: za kulia au za kutazama?

Jamani vyombo vya kaure, yaani porcelaini, vimewashika kweli, maswali yamejaa kapu, nachukua machache.

Bibi wa Unguja katuachia sahani ya bluu na nyeupe, nyuma imeandikwa "Made in England". Mjomba anasema ni ya Ming, enzi za wafalme wa China, eti kweli?

Mjomba anakutania. Ming iliisha 1644, hao wa England wanaingiaje hapo? Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza 1891 ndo ilibana bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo sahani yenye maneno hayo mara nyingi ni ya karne ya 20. Ila usiitupe, Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa inashushiwa mabakuli na sahani za Uingereza na za Maastricht kule Uholanzi, nyingi si kaure hata, ni udongo tu uliopigwa chapa ya maua. Kaure nyembamba ukiiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Nilienda Kunduchi, Dar es Salaam, nikaona nguzo za makaburi zina matundu ya duara, nikaambiwa palikuwa na sahani. Sasa nani anaweka sahani kaburini?

Wenye nazo! Bakuli la China lilipachikwa kwenye chokaa ili kila apitaye ajue hapa kalala mtu mzito, na si Kunduchi tu, utakuta Kaole ya Bagamoyo na Mambrui ya Kenya pia. Halafu watu wanapenda kusema kaure ililetwa na Zheng He, yule nahodha mkuu wa meli za China, wakati yeye ni wa miaka ya 1400 na vyombo vya China vilishafika Shanga na Manda, kule Lamu, tangu karne ya 9, vikipokezanwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Kwenye nyumba za Lamu vilikaa ndani kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, mgeni akiingia macho yanaanzia hapo. Sasa cheki hii, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu 1331 alikirimiwa wali wa samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na tangawizi na embe, na wali wote huo umepakuliwa kwenye chombo cha mbao! Ndo maana mimi nasema fahari ya karamu pwani ilikuwa kwenye kilichopakuliwa, ya kaure ilikuwa ukutani.

Na Wazungu je, walikuwa wanazilia chakula kweli au nao mapambo tu?

Vyote. Kiwanda cha kaure cha Meissen, Ujerumani, kilianza 1710, baada ya mtawala wa huko, Augustus, kumfungia Böttger, aliyejidai anajua kutengeneza dhahabu, aitengeneze, akaishia kupata siri ya kaure. Baadaye Brühl, waziri wa huko huko, akaagiza seti yenye mabata maji, ikatengenezwa 1737 mpaka 1742, vipande zaidi ya 2,000 kwa wageni kama 100. Enzi hizo vyakula vya awamu nzima vilipangwa mezani kwa pamoja, vinapendeza, vinapoa. Mimi nawaza tu aliyekuwa anaosha.

Naweza kuweka kwenye maikrowevu?

Hapana. Mstari wa dhahabu unatoa cheche, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu na uchachu huyatoa, kwa hiyo hata achari usiweke. Osha kwa mkono, sifongo laini, mimi niliwahi kusugua moja kwa stilwaya, ua la dhahabu likaenda na povu.

Nimeokota kibakuli kizuri karibu na magofu, nakiuza onlaini bei gani?

Kirudishe, ndugu yangu. Kwa Tanzania Bara kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kipeleke kwa wahifadhi wa hapo ulipokiokota, na uwaonyeshe penyewe hasa, maana kikishatoka mahali pake hata wao hawajui tena kilikuwa cha nani.