Jibu: Scarecrow ni albamu ya wakulima tu?
Mkuu, umeuliza kama Scarecrow ya John Mellencamp, mwanamuziki wa rock wa Marekani (1985), ni malalamiko ya wakulima mwanzo hadi mwisho. Hapana. Wimbo wa kwanza ndio unaowapoteza watu: shamba la ukoo linapigwa mnada kwa deni la benki, na dalali anayeitwa kulinadi ni rafiki wa siku nyingi. Hapo ndipo panaponichoma, maana huna hata adui wa kumtukana. Na haikuwa hadithi tu. Miaka ile wakulima wa Marekani walikuwa wanafilisika kweli, na Septemba mwaka huohuo Mellencamp na wanamuziki wenzake Willie Nelson na Neil Young wakaandaa tamasha la Farm Aid kuwachangia.

Lakini sikiliza "Minutes to Memories". Kijana yuko ndani ya basi, kando yake mzee wa miaka 77 aliyetumikia viwanda vya chuma vya Gary, Indiana, anammwagia nasaha. Kijana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Baadaye, akiwa mtu mzima, ndipo anamwelewa. Kwangu huo unaupita hata "Small Town" wanaoupiga sana redioni.

Bibi yake Mellencamp naye anaimba kwenye albamu hii, kipande kifupi. Usikiruke.